Vile nilitoa lignini kwa makapi ya miwa

Ukipita soko la Gikomba, Nairobi, maranda yamejaa kila mahali, na mimi hapo ndio nilianzia, nikabeba gunia la maranda ya saiprasi nikitaka kutoa lignini, ile kitu inashikanisha nyuzi za mti zisiachane. Viwanda vya karatasi huitoa kwa wingi halafu nyingi inachomwa tu kwa boila. Hiyo huniuma sana, kwa sababu kule Norway kampuni ya Borregaard imekuwa ikitengeneza vanilini, ile harufu ya vanila, kutoka kwa lignini ya miti tangu 1962.

Maranda yalinisumbua wiki mbili. Nachemsha na kostiki soda, ile kali ya kutengenezea sabuni, maji yanabadilika rangi kidogo tu basi. Kumbe miti kama saiprasi ni migumu kuachilia lignini kwa soda peke yake bila presha, lakini jamii ya nyasi huachilia haraka, na muwa ni nyasi. Mama anayeuza juisi ya miwa hapo kwetu stejini akaniambia, "Beba yote kijana wangu, yananijazia tu hapa."

Mara ya kwanza nikatumia sufuria ya alumini na soda ikaanza kuila, mapovu yakapanda, na hiyo ni haidrojeni, inashika moto! Nikazima jiko nikafungua mlango na madirisha. Tumieni stenlesi tafadhali, pia glavu na miwani.

Nusu kilo ya makapi makavu, masaa mawili jikoni, nikachuja, maji yakatoka meusi kama strungi iliyokolea. Hapo unatia asidi ya betri iliyopunguzwa nguvu, tone kwa tone huku unakoroga, mpaka pH, kile kipimo cha ukali wa asidi, ishuke chini ya 3, na unaona kabisa ule weusi ukigeuka kahawia halafu tope, ambalo ndilo lignini yenyewe, linaanza kujitenga.

Lakini kuchuja hilo tope sasa, aki nilitaka kuacha. Linateleza kama uji, linaziba kitambaa, usiku mzima nimepata vijiko viwili. Kilichoniokoa ni kulipasha moto kwanza, kama digrii 70 hivi nusu saa, likiwa bado na asidi yake, chembe zinashikana zinakuwa kubwa, ukiacha lipoe linachujika chini ya saa moja. Na usioshe na maji matupu, litapita kwa kitambaa tena, weka asidi kidogo kwa hayo maji. Nilianika kivulini nikapata gramu 58 za unga wa kahawia.

Nikachanganya sehemu yake na yale maranda ya Gikomba yakiwa na unyevu kidogo, nikaenda kwa jamaa wa kuprinti tisheti tauni akanikubalia tutumie mashine yake ya kupiga pasi, digrii 180, tukabana vipande viwili vya ukubwa wa kiganja, kimoja na lignini kingine bila. Juzi niliviloweka vyote kwa beseni. Kile cha maranda matupu kilisambaratika kabla sijamaliza kunywa chai, na hiki kingine leo asubuhi kingo zimevimba kidogo lakini bado ni kipande kizima.