Jinsi nilivyorudisha kibwagizo cha kuimbwa redioni

Nilipokabidhiwa kazi ya kusimamia sauti za utambulisho katika kituo cha redio ya kibiashara ninakofanya kazi, kituo hicho kilikuwa kimekwisha kuacha kuimba jina lake. Kilichobaki ni sauti moja nzito iliyorekodiwa, ikitaja jina na masafa kwa haraka kati ya wimbo na wimbo, na chini yake mshindo ambao ungeweza kuwa wa kituo chochote duniani. (Sijapata kuelewa kwa nini mshindo wa filamu za vita huhesabiwa kuwa wa kisasa kuliko sauti ya binadamu.) Nilitaka kurudisha kibwagizo cha kuimbwa, yaani kipande kifupi cha muziki kinachoimba jina la kituo, lakini mkuu wetu wa vipindi si mtu wa kushawishiwa kwa sifa za zamani, hivyo ilinibidi kwanza nijue ni kitu gani hasa kilichoviondoa vibwagizo hewani.

Jibu nililipata katika namna wasikilizaji wanavyohesabiwa. Kwa miongo mingi nchini Marekani, watu walioteuliwa walijaza shajara za karatasi, wakiandika kituo walichosikiliza na saa walizosikiliza. Msikilizaji aliyesahau jina la kituo alikinyima hesabu yake, na kwa kuwa bei ya matangazo ya biashara ilitokana na hesabu hiyo, jina liliimbwa kila palipopatikana nafasi. Katika mazingira hayo mji wa Dallas, Texas, ukawa kitovu cha biashara ya vibwagizo. Kampuni ya PAMS, iliyoanzishwa na Bill Meeks mwaka 1951, ilitunga seti za vibwagizo ikaziuza kwa vituo vingi, waimbaji wakirudia muziki uleule kwa jina jingine. Vibwagizo vyake vilivuka bahari: Radio London, iliyorusha matangazo kutoka melini nje ya pwani ya Uingereza, ilivitumia, na BBC Radio 1 ilipoanza mwezi Septemba 1967 nayo ilikuwa na vya kwake kutoka kampuni hiyohiyo.

Mwaka 2007 kampuni ya Arbitron, iliyokuwa ikihesabu wasikilizaji wa redio, ilianza kuziondoa shajara katika baadhi ya miji mikubwa ya Marekani na badala yake kuwapa watu kifaa kidogo cha kubeba, kinachotambua msimbo uliofichwa ndani ya sauti ya kituo. Kifaa hakihitaji mtu akumbuke jina. Zaidi ya hapo, wakuu wa vipindi walianza kuona wasikilizaji wakiondoka dakika kwa dakika, na kila kitu kisichokuwa wimbo kikashukiwa kuwa ndicho kinachowafukuza. Kituo chetu hakijawahi kupimwa kwa kifaa hicho. Tulichofanya ni kuiga matokeo yake, kwa sababu vituo vikubwa vilisikika hivyo na kila mmoja akaamini kwamba ndivyo redio ya sasa inavyopaswa kusikika.

Hoja niliyompelekea mkuu wa vipindi haikugusa uzuri wa vibwagizo hata kidogo. Nilimwambia kwamba msikilizaji anayetutafuta kwenye simu anaandika jina letu, na mwenye spika inayopokea amri za sauti hana budi kulitamka. Kwa watu hao, jina lililosahaulika ni sawa na masafa yaliyozimwa. Alikubali nijaribu, kwa sharti kwamba kibwagizo kisisimamishe muziki.

Sharti hilo ndilo lililoamua namna ya kazi yenyewe. Kununua seti iliyokwisha kutungwa sikuona kama kungetufaa, kwa kuwa nyingi zimejengwa juu ya majina ya vituo vya Marekani, ambayo ni herufi zinazotamkwa moja moja, kila moja ikiwa na uzito wake. Jina letu lina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na muziki unaokandamiza silabi ya mwisho ungelifanya lisikike kama linatamkwa na mgeni. Tulitunga noti chache, zisizopanda wala kushuka mno, ili hata asiyejua kuimba aweze kuzinong'oneza, na noti ndefu kuliko zote tukaiweka pale penye mkazo.

Waimbaji waliimba bila ala, kwa mwendo na funguo (vimo vya sauti) mbalimbali, kila toleo likidumu sekunde chache tu. Matoleo yaliyotusaidia zaidi ni yale yanayoanza haraka na kumalizika polepole, kwa sababu yanafanya kazi ambayo mtangazaji mwenyewe huipata kwa shida: kumtoa msikilizaji kwenye wimbo wa kuchezeka na kumfikisha kwenye wimbo wa taratibu bila kumshtua. Mwangwi tuliupunguza sana, kwani mtambo unaosawazisha sauti kabla ya kurushwa hewani huinua kila kilicho chini, na mwangwi unaopendeza studioni hugeuka kuwa ukungu kwenye redio ya gari. Kisha nikaviingiza kwenye kompyuta ya kurushia vipindi kwa makundi, nikaweka kanuni kwamba toleo la kushusha mwendo lisitumike kati ya nyimbo mbili za haraka na kwamba toleo moja lisirudiwe ndani ya kipindi kimoja.

Watangazaji ndio walionichosha kidogo. Walikwisha kuzoea kuongea juu ya kila sauti isiyo wimbo, na jina likiimbwa chini ya maneno yao halisikiki na wao pia hawasikiki. Nilikaa nao studioni zamu baada ya zamu, tukakubaliana kwamba mtu huongea kabla ya kibwagizo au juu ya utangulizi wa wimbo unaofuata, kamwe si katikati. Mkuu wa vipindi aliposikiliza saa nzima iliyorekodiwa hakuona mahali muziki uliposimama. Ile sauti nzito tumeibakiza kwa matangazo ya mashindano na zawadi, ambako maelezo ni marefu na kuimba hakusaidii, na toleo refu la kibwagizo husikika mwanzoni mwa saa tu, kabla ya taarifa ya habari.