Korekti skoo ya tenisi: bei ya 2-1 inatoka wapi

Wengi hapa Dar wamezoea korekti skoo ya mpira, yaani kubashiri matokeo kamili ya mechi, na wakihamia tenisi wanakwenda na mazoea yale yale. Tenisi ya seti tatu ina majibu manne tu: 2-0, 2-1, 1-2 na 0-2. Ukitaka kubashiri mpaka gemu za kila seti, majibu yanafika 1,470, kwa hiyo soko la aina hiyo liache. Baki kwenye seti.

Kwenye masoko ya utabiri kila jibu linauzwa kama hisa. Likitokea unalipwa dola 1, lisipotokea hupati kitu. Bei ya senti 29 maana yake soko linaona uwezekano wa asilimia 29.

Anza na bei ya mshindi wa mechi. Tuseme mchezaji A yuko senti 65. Hapo nafasi yake ya kuchukua seti moja ni kama asilimia 60. 2-0 ni 0.6 × 0.6, yaani 0.36. Kwa 2-1 lazima apoteze seti ya kwanza au ya pili, kwa hiyo ni 2 × 0.6 × 0.6 × 0.4, sawa na 0.288. Hizo mbili jumla ni karibu 0.65, ile ile bei ya A. Kwa njia hiyo hiyo 1-2 ni 0.192 na 0-2 ni 0.16. Jumlisha zote, lazima upate 1.

Ukiiona 2-1 inauzwa senti 29 utadhani ni bei ya haki. Siyo. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila seti inaanza upya, wakati hujui A ameamkaje leo. Mpe nusu kwa nusu: ama yuko vizuri, 0.7 kwa seti, ama amechoka, 0.5. Wastani ni ule ule 0.6, lakini 2-0 inapanda hadi 0.37, 0-2 inafika 0.17, na 2-1 inashuka mpaka 0.272. Ukinunua kwa 29 umeshaliwa karibu senti mbili kabla mpira haujarushwa. Kosa hili ndilo linalokula watu kimya kimya, maana 2-1 inavutia macho.

Kisha angalia pengo la bei. Wauzaji wakitaka 39, 31, 21 na 18 kwa majibu yote manne, jumla ni 109 wakati jibu litakalotokea linalipa 100 tu, na zile 9 za juu zinatoka mfukoni mwako. Usibonyeze kununua papo hapo. Weka oda kwa bei yako, mathalani 26, usubiri. Asipotokea wa kukuuzia, basi.

Oda hiyo ifute kabla mechi haijaanza. Picha ya mtandaoni inachelewa sekunde kadhaa, na kwa bando linalosuasua inachelewa zaidi, huku aliyeko uwanjani ameshaona sevu imevunjwa, yaani mchezaji amepoteza gemu aliyokuwa anaanzisha yeye. Atakuuzia hisa ambayo thamani yake imeshashuka. Na usilale ukaiacha wazi: viwanja vya pembeni vya Wimbledon vinaanza saa saba mchana kwa saa zetu, lakini mechi za usiku za US Open zinaanza saa nane usiku.

Mwisho, soma kanuni ya mchezaji kujitoa. Akiumia akiwa mbele 1-0, soko moja hurudisha pesa, jingine hufunga kwa bei ya mwisho, na hisa yako ya 2-0 iliyokuwa imepanda inaweza kurudi pale ulipoinunulia.