Kumtafutia dogo pa kulazwa, na kwanini sio soba

Ukiwauliza watu wa Dar umpeleke wapi mtu ambaye sonona imemzidi, jibu la kwanza ni soba, zile nyumba za kuwaachisha watu pombe na unga. Yaani mtu hanywi, hajawahi kushika hata sigara, lakini kwa vile soba ndo sehemu pekee wanayoijua ambayo mtu anakaa huko huko anatibiwa, basi soba. Shangazi alikua ashapata namba ya mwenye nyumba, bei ya mwezi anayo, hadi usafiri kashapanga. Nikamuuliza shangazi, daktari wa pale ni nani? Akanambia we nawe na maswali yako.

Sina ugomvi na soba jamani, zimeokoa watoto wa watu, ila zipo kwa ajili ya walevi na wa unga, siku nzima ratiba ni ya kuacha kutumia na wengi wanaowasimamia ni watu waliopona uraibu wenyewe, na kwa mraibu mwenzao hiyo ni sifa kubwa tu. Sasa dogo wangu anashtuka saa tisa usiku moyo unamwenda mbio anahisi anakufa, chakula hali, anasema kabisa hataki kuishi, huyu anataka mtu wa kumwandikia dawa na kuibadilisha ikigoma, sio kikao cha kutoa ushuhuda.

Na kabla ya yote muulizeni daktari kama kulazwa kunahitajika. Sonona na wasiwasi kwa watu wengi vinatibiwa mtu anatokea nyumbani, anaenda kliniki anarudi. Kulazwa ni pale maisha yako hatarini, au mtu hali wala hanywi, au hapo nyumbani hakuna wa kumwangalia usiku. Kwetu vyote vilikuepo. Hapa mwambieni daktari ukweli wote, najua watu wanaficha, sababu Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 kinasema kujaribu kujiua ni kosa, familia zinaogopa polisi zinasema "alianguka tu". Daktari akidanganywa anatibu mtu mwingine.

Sehemu zipo kuliko tunavyodhani. Muhimbili kuna wodi za afya ya akili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza pia wanao wataalamu, Lutindi kule milimani Korogwe ni ya kanisa la KKKT na wanapokea wagonjwa hawa tangu enzi za Mjerumani, halafu kuna Mirembe Dodoma ambayo ndo hospitali ya taifa ya afya ya akili. Nilivyotaja Mirembe mama akaanza kulia, maana tumekua tunatukanana nalo hilo jina toka shule ya msingi, ila ukitoa matusi yetu pale kuna madaktari bingwa wa akili na hicho ndicho kitu cha kutafuta. Za binafsi nazo zipo, bei zake kaa chini kwanza.

Mimi nilikua napiga simu nauliza maswali yale yale kila sehemu. Daktari wa akili anamuona mgonjwa mara ngapi kwa wiki, au anapita tu? Mwanasaikolojia ni wa hapo au anakuja jumamosi? Mtu wa sonona analazwa chumba kimoja na mtu aliyechachamaa? Mnapima damu kwanza (tezi ya shingo ikiharibika inaweza kuleta hali kama sonona kabisa, watu hawajui)? Ila swali lililoamua lilikua moja, akitoka inakuaje. Kwasababu hizi dawa za sonona zinachukua wiki kadhaa ndo zianze kushika, na mtu anaweza kuruhusiwa kabla hazijafika hata nusu ya kazi, kwahiyo matibabu mengi yanafanyika akiwa amesharudi nyumbani. Kuna sehemu ina bustani nzuri, maji ya moto, hadi televisheni chumbani, nikauliza kuhusu kutoka wakanijibu "mtatupigia". Tukachagua wodi yenye vitanda vya zamani, daktari wa wodini ndo huyo huyo wa kliniki na ni daladala moja tu toka nyumbani. Shangazi hajanisamehe kuhusu ile bustani.

Dogo alisaini mwenyewe. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaruhusu mtu kulazwa kwa hiari yake, na mimi naona tofauti ni kubwa sana kati ya mtu aliyeelezwa akakubali na aliyeambiwa tunaenda kumsalimia mjomba akajikuta wodini. Huyo wa pili hata dawa anaficha chini ya ulimi.

Mama alitaka maombi kwanza hospitali baadae, tukakubaliana mchungaji aje muda wa kuona wagonjwa, akaja, akaomba, na akamwambia dogo meza dawa. Mbarikiwe wachungaji wa namna hiyo.

Bima ulizeni kabla, na muulize kipengele kwa kipengele maana yetu ilikubali kitanda na dawa ikamkataa mwanasaikolojia, hiyo tulichangishana kwenye grupu la ukoo. Na mkipanga begi toeni mkanda, kamba za viatu na chaja, getini vinarudishwa vyote, ni usalama tu sio kwamba wanamfunga. Mpelekeeni kandambili.