Kwetu uko, kwenu uko

Wifi Mkubwa kanirushia neno Jumamosi usiku na mpaka leo halijashuka kooni.

Tulikuwa sebuleni tunaangalia muvi. Yeye ungo wa mlenda uko mapajani, anachambua bila kuutazama, macho kwenye runinga. Ni ile ya polisi aliyepandikizwa kwa wahuni na mhuni aliyepandikizwa kwa polisi. Hong Kong waliitoa mwaka 2002, Martin Scorsese akaihamishia Boston mwaka 2006 ikampa Oscar yake ya kwanza ya uongozaji, na sisi tukaletewa na DJ wetu anayemwita bosi wa wahuni "Mzee wa Kaunda Suti". Imefika pale mhuni aliyejificha polisi anapewa kazi ya kumsaka msaliti, yaani ajisake mwenyewe, Wifi akasema:

"Wewe wifi kazi hii ungeiweza. Kwetu uko, kwenu uko."

Baba watoto akacheka. Mimi nikasema, "Haya." Basi, hilo tu.

Sasa kila asubuhi kwenye basi nalirudia. Alitua kidogo kabla ya "kwenu", au ni mimi? Mkono ulisimama kwenye ungo au uliendelea na majani? Jumapili nilikuwa na hakika uliendelea, kwa hiyo ni utani, mawifi ndivyo tulivyo. Jumanne nikakumbuka ulisimama. Halafu hilo "wewe wifi" limetoka wapi? Tangu nijifungue ananiita kwa jina la mwanangu. Wiki hii bosi kastaafu, ofisi imemalizia kuhamia Mtumba na mwenye nyumba kapandisha kodi, yote yakanipita kama redio ya jirani.

Mnajua nilivyokaa. Mdogo wangu anaolewa na shemeji yangu, na mimi sikuwakutanisha, walionana wenyewe kwenye kipaimara. Tangu barua ya posa iende kwetu Muheza nimo kwenye makundi mawili ya WhatsApp. La huku wanauliza, "Wenzetu wanasemaje?" La kule wanauliza, "Wenzako wanasemaje?" Hao wenzetu na hao wenzako, wote wanaishia kwenye simu yangu. Siku chache kabla ya hiyo muvi, Wifi aliandika kwenye kundi la huku: "Kuna mtu anafikisha ng'ombe wetu Muheza kabla hawajaswagwa." Dakika hazikupita akanipigia pembeni: "Hebu nichunguzie ni nani." Kwa hiyo mnaona ile muvi ilivyonikaa.

Muvi za majasusi nimezipenda tangu banda umiza, tukikaa kwenye mabenchi na joto lile. Lakini zina tabia moja inayoniudhi: mtu wa pande mbili lazima mwishoni avuliwe, tujue kumbe alikuwa wa nani. Haiwezekani akawa anawapenda wote na amechoka tu.

Usingizi ulipogoma nikaanza kusoma habari za majasusi wa kweli, nikaangukia kwa Juan Pujol, Mhispania wa Vita Kuu ya Pili. Wajerumani waliamini ni mtu wao London, kumbe ni wa Waingereza. Alianza kuwatungia ripoti za Uingereza akiwa Lisbon, Uingereza yenyewe hajaikanyaga, kitabu cha watalii mkononi. Akawaandikia kwamba Glasgow kuna wanaume watafanya lolote kwa lita moja ya divai. Angesema Dodoma ningemwelewa. Baadaye akawa na wapelelezi wasaidizi 27, wote wa kubuni, Wajerumani wakawa wanatoa hela za kuwalipa. Juni 1944 akawaaminisha kwamba Normandy ni geresha, kishindo chenyewe kinakuja Pas-de-Calais. Mwaka huohuo Wajerumani wakamtunuku Msalaba wa Chuma na Waingereza wakampa nishani ya MBE. Pande zote mbili! Mimi sijapata hata doti ya kitenge.

Ila aliyenishika ni mkewe, Araceli. Waliletwa London yeye na mtoto, hana ruhusa ya kujichanganya na Wahispania wenzake, anamlilia mama yake. Kwenye malalamiko yake kulikuwa na chakula: makaroni mengi, viazi vingi, samaki hawatoshi. Hapo nikaweka simu chini. Perege wa Mtera nawashukuru, wamenilelea watoto, lakini mtu aliyekulia kwenye nguru wa nazi anajua huyu mama alikuwa anasema nini. Mwaka 1943 akatishia kwenda ubalozi wa Hispania kuanika kila kitu. Unajua mumewe alifanya nini? Akapanga na mabosi wake adanganywe kwamba mume amekamatwa kwa ajili ya mdomo wake. Wakampeleka kambini amefungwa kitambaa machoni, akamwone "mfungwa". Nimemkasirikia mwanaume huyu kuliko nilivyomkasirikia Wifi.

Basi jana mama kapiga simu. Nikawa namzungukazunguka, nisitaje idadi ya ng'ombe, si unajua tena, mimi niko chini ya uchunguzi wangu mwenyewe. Akanikatisha:

"Wale kumi na wawili? Mbona nilishaambiwa."

"Na nani?"

"Mama mkwe wako si ananipigia kila jioni? Tulishamaliza sisi. Tunawaacha mpige kelele kidogo, harusi ichangamke."

Nilicheka mpaka baba watoto akatoka bafuni na povu kichwani kuuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna. Ndiyo kusema sasa hivi kweli nina siri, na Wifi anasubiri ripoti. Nimpelekee kwamba anayevujisha ni mama yake mzazi? Leo mchana kaniuliza nimefikia wapi. Nikamjibu, "Uchunguzi unaendelea, wifi." Kaweka kidole gumba tu.

Wacha niishie hapa, maana simtanki limeanza kuvuja pale bomba linapoingia. Maji huku yanatoka kwa zamu, fundi kaahidi kuja kesho, na nimempigia mara nyingi hapatikani.