Kabla Mteja Hajasema "Ni Kweli"

Kesi nyingi za wahamiaji wanaokamatwa kwenye barabara yetu ya Dodoma kwa kuingia nchini bila kibali zinaisha kabla watu hawajanywa chai ya saa nne. Karandinga linafika, watu wanashushwa, wanapangwa kizimbani mpaka wengine wanasimama nje yake. Hati ya mashtaka inasomwa mara moja kwa wote. Mmoja wao anayejua Kiswahili cha kubahatisha anageuka, anawaambia wenzake maneno mawili matatu, nao wanatikisa vichwa. Inaandikwa: "Ni kweli." Maelezo ya kosa yanasomwa, vichwa vinatikiswa tena, adhabu inatoka. Ni faini isiyopungua shilingi 500,000 au jela, na hiyo laki tano hakuna aliyebaki nayo.

Kwa hiyo ninapokaa na mawakili vijana wanaojitolea kuwatetea watu hawa hapa Dodoma, siwaanzishi na Sheria ya Uhamiaji. Hiyo wataisoma wenyewe usiku mmoja. Nawaanzisha na hizo dakika kumi za mwanzo.

Wote wamesoma shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, la mwaka 1973. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema shtaka lielezwe, pamoja na kila kipengele chake, kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Majibu yake yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Akiyapinga maelezo ya kosa, au akaongeza jambo linalotia shaka, iandikwe kwamba amekana. Darasani walijibu swali hilo wakapata alama nzuri. Kusimama mbele ya hakimu mwenye mafaili mezani na kusema, "Mheshimiwa, naomba kwanza tujue hawa wanazungumza lugha gani," ni mtihani mwingine kabisa. Sauti inakauka. Nawafanyisha mazoezi ofisini kwangu Jumamosi, mmoja akiwa hakimu, mmoja mwendesha mashtaka, mpaka sentensi hiyo itoke bila kutetemeka na bila ubishi ndani yake.

Naing'ang'ania kwa sababu aliyekiri kosa amejifungia mlango. Hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, anaweza kulalamikia adhabu tu. Ipo mianya iliyotajwa kwenye shauri la Laurent Mpinga la mwaka 1983: kukiri kuwe na utata, au mtu awe alikiri bila kuelewa, au hati isioneshe kosa lolote, au hata kwa maelezo aliyoyakubali asingeweza kutiwa hatiani. Lakini mianya hiyo inahitaji mwenendo wa shauri ulioandikwa vizuri, na inahitaji kusudio la kukata rufaa litolewe ndani ya siku 10. Mtu aliyepo gereza la Isanga, asiyejua hata neno la kuombea maji, atazihesabuje siku hizo?

Lugha yenyewe ina mambo. Wakili kijana akisikia "Muethiopia" anakimbia kumtafuta mtu wa Kiamhari, na akimpata anadhani amemaliza. Vijana wengi wanaopita hapa kwenda Afrika Kusini wanatoka kusini mwa nchi yao, upande wa Hosaena, ambako nyumbani wanazungumza Kihadiya au Kikambata. Kiamhari wanakijua, wengine vizuri, wengine kile cha shule waliyoiacha mapema. Hicho kinatosha kuombea chakula. Kwa kuelewa tofauti ya "niliingia" na "niliingizwa" hakitoshi. Wengine ni Waoromo. Basi swali la kwanza ninalowafundisha ni hili: nyumbani mama yako anakuita kwa lugha gani? Linajibiwa hata na aliyechoka.

Kisha, nani anatafsiri? Yule mshtakiwa anayejua Kiswahili amekijulia wapi? Huenda alikaa Nairobi miezi kadhaa akisubiri gari. Huenda pia yeye ndiye aliyewapokea wenzake na kuwapandisha. Siwaambii vijana wamshuku kila mtu. Nawaambia mshtakiwa asiwe mkalimani wa washtakiwa wenzake, basi. Aletwe mtu wa nje, aape, na jina lake, lugha yake na kiapo chake vionekane kwenye mwenendo.

Jambo ninalolipenda kulifundisha kuliko yote ni kalenda. Waethiopia wana kalenda yao, iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi, na mwaka wao unaanza Septemba. Mwaka 2023 binti mmoja wa Mpwapwa, wakili ambaye joho lake lilikuwa bado na mikunjo ya dukani, aliniletea karatasi ya mahojiano. Mteja alisema amezaliwa mwaka 1998. Askari alipiga hesabu yake, akaandika miaka 25. Nikamuuliza binti, "Mwanangu, 1998 ya nani?" Akanitazama. Nikamwambia arudi akaulize.

Alirudi amebadilika uso. Ile 1998 ya kwao inaanzia Septemba 2005. Mteja alikuwa na miaka 16 au 17. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huyo ni mtoto: hapelekwi jela, hachanganywi na watu wazima, na mahakama ina wajibu wa kuuchunguza umri wake. Alikuwa amelala mahabusu na wanaume wenye ndevu kwa sababu ya hesabu ya kutoa namba moja kwenye nyingine. Tangu siku hiyo kila karatasi yetu ya mahojiano ina mstari wa kalenda, na huyo binti ndiye anayewafundisha wenzake somo hilo, kwa ukali unaonifurahisha.

(Saa zao, kwa upande mwingine, ni kama zetu: zinahesabiwa kuanzia kunapokucha. Mteja akisema alikamatwa saa mbili, anaweza kuwa na maana ileile yako. Ikipitia kwa mkalimani wa Kiingereza inageuka kuwa usiku wa manane. Uliza kama jua lilikuwepo.)

Tunafanya mahojiano faragha, mmoja mmoja, hata kama afande anaharakisha. Kuna swali lisiloulizwa mbele ya wenzake mtu: ukirudi kwenu, itakuwaje? Wengi watasema watarudi kulima, au watajaribu safari tena. Lakini akiwepo mmoja anayesema atauawa au atafungwa, kesi yake imebadilika. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ibara ya 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali kama ametoka moja kwa moja alikotishiwa na akajitokeza bila kuchelewa, na tunayo Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Ndiyo maana nawakataza vijana kuupigia simu ubalozi wa mteja kabla ya swali hilo kujibiwa. Kwa nia njema kabisa unaweza kumtaja mtu kwa watu aliowakimbia.

Pia tunauliza kuhusu gari. Sisi wa Dodoma tuna sababu. Juni 2012, kule Chitego wilayani Kongwa, walikutwa watu zaidi ya 40 wamekufa baada ya kukosa hewa ndani ya lori, wengi wao wakiwa Waethiopia. Barabara inayoshuka kutoka Babati na Kondoa kwenda Iringa, Mbeya mpaka Tunduma bado ni ileile. Mlikuwa wangapi mlipopanda? Mmeshuka wangapi? Kuna aliyewazuia mpaka ndugu zenu watume pesa? Majibu yanaweza kuonesha kwamba mtu huyu ni mwathirika chini ya sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, na aliyepaswa kuwa kizimbani ni mwingine, ambaye kwa kawaida hayupo.

Swali gumu vijana wananiuliza wao. "Mama, si bora akiri tu, arudi kwao? Akikana atasota mahabusu." Ni swali la haki. Dhamana kwa mgeni ipo kwenye karatasi. Wadhamini wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa atawatoa wapi, na hapa hamjui hata muuza maji? Shahidi asipofika, shauri linaahirishwa, na karandinga linamrudisha. Nimewaona wateja waliochagua kukiri wakijua wanachokifanya, na niliwaheshimu. Lakini achague yeye, akiwa ameelezwa yote, pamoja na yanayofuata. Kifungo kikiisha haina maana kwamba asubuhi yake yuko kwao. Inahitajika hati ya kusafiria, inahitajika nauli, na wapo wanaomaliza adhabu wakaendelea kukaa ndani wakisubiri vyote viwili. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limewasaidia wengi kurudi. Wakili anayefunga faili siku ya hukumu amemwacha mteja katikati ya njia, kwa hiyo faili zetu hazifungwi mpaka mtu aondoke.

Mambo mengine ni madogo, nayataja kwa haraka. Msalimie karani kabla ya kumwomba kitu. Yeye ndiye atakayekupigia alfajiri kukuambia wameletwa wageni. Simu inabaki getini gerezani, basi andika majina kwenye daftari. Jina la mteja ulisikie kutoka kinywani mwake, usilinakili kwenye hati tu, maana likikosewa hapo ndugu zake hawatampata popote. Mara ya kwanza wakili kijana anakuja kutazama tu. Kisha nasimama mimi naye ananishikia mafaili, halafu anasimama yeye nami nakaa nyuma yake. Nikitamani kuinuka nakamata kiti.

Sasa nina ombi. Wa Kiamhari tunao, na Waoromo wawili wanatusaidia kwa moyo. Tunachokosa Dodoma ni mtu wa Kihadiya na mtu wa Kikambata. Kama uko chuo kikuu hapa na unasoma na mmoja wao, au kuna jirani yako Nkuhungu, Kisasa, popote, ambaye anazungumza mojawapo na yuko tayari kuapa mahakamani asubuhi moja moja, niachie ujumbe hapa chini. Nauli na chakula cha mchana tunachangishana. Siku ya kwanza ntaenda naye mwenyewe.