Saa moja iliyonipita: nilivyojifunza kusoma saa za soko la kripto

Machi 2025 nilikuwa na mkataba wa bitcoin, yaani dau juu ya bei ya sarafu hiyo ya kidijitali, na mpango wangu ulikuwa mwepesi: nifunge dakika kumi kabla Marekani haijatoa takwimu za mfumuko wa bei. Miezi iliyotangulia takwimu hizo zilikuwa zikinifikia saa kumi na nusu jioni, saa za Afrika Mashariki. Tarehe 12 nikaweka kengele ya simu saa kumi na dakika ishirini, nikaendelea na shughuli zangu. Kengele ilipolia nikafungua jukwaa la biashara, mkataba haupo. Amri ya kukata hasara, ile inayofunga mkataba yenyewe bei ikifika kiwango ulichoweka, ilikuwa imeshaufunga saa 9:31 alasiri.

Nilijua nimeibiwa. Nikapiga picha ya skrini, nikaanza kuandika malalamiko marefu yenye maneno makali, na nashukuru sikuyatuma. Takwimu zilitoka saa 2:30 asubuhi ya New York, kama siku zote. Kilichobadilika ni saa ya New York yenyewe: Jumapili ya tarehe 9 Wamarekani walisogeza saa zao mbele kwa saa moja. Sisi hatusogezi. Tofauti kati yetu, iliyokuwa saa nane, ikawa saba, na mimi sikuwa na habari.

Nikafikiri basi nikariri tu: wakati huu saba, wakati ule nane. Nayo haikunisaidia, maana Ulaya pia hubadili, ila si siku moja na Marekani. Wamarekani huanza Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho. Mwaka ule kwa wiki tatu hata London na New York zilitofautiana kwa saa nne badala ya tano.

Hapo ndipo nikaacha kuhesabu kutoka mji hadi mji. Kila kitu sasa nakipitisha kwenye UTC, saa ya pamoja ya dunia, kwa sababu UTC haisogei. Sisi ni UTC+3, yaani tuko mbele yake kwa saa tatu, mwaka mzima. Lakini kuna mtego wa Kiswahili chenyewe: ukishaongeza tatu ukapata 19:00, bado unatakiwa uitoe sita ili iwe saa moja jioni. Usiku wa manane, macho mazito, nilikuwa nakosea hatua hiyo ya pili. Siku moja nikagundua kwamba kuongeza tatu kisha kutoa sita ni sawa na kutoa tatu tu. 16:00 UTC toa tatu, inabaki 13, na ikizidi kumi na mbili unaondoa kumi na mbili, yaani saa moja. 08:00 ni saa tano asubuhi. 12:30 ni saa tisa na nusu, ile ile iliyonila. Na 00:00, ambapo majukwaa mengi hufunga mshumaa wa siku (alama ya bei ya siku nzima kwenye chati), ihesabu kama 12: saa tisa usiku. Nilicheka peke yangu.

Tarehe zilinisumbua zaidi ya saa. Biashara niliyofanya saa 7:40 usiku, kwenye taarifa ya jukwaa inaandikwa 22:40 ya jana yake, na hesabu zangu za mwisho wa mwezi hazikuwahi kulingana mpaka nilipoanza kuandika daftari langu kwa UTC. Halving ya 2024, pale zawadi ya wachimbaji wa bitcoin inapokatwa nusu, ni mfano mzuri: ilitokea saa 00:09 UTC tarehe 20 Aprili. Kwetu ilikuwa usiku wa saa tisa na dakika tisa, New York bado walikuwa kwenye jioni ya tarehe 19. Wote walisema kweli.

Ninaowalaumu ni wanaoandika “EST” hata mwezi Julai. EST, saa ya kawaida ya New York, ni UTC-5. Majira hayo New York iko kwenye EDT, saa iliyosogezwa mbele, UTC-4. Nikiona tangazo la namna hiyo natafuta saa ya UTC kwenye chanzo chenyewe, na isipokuwepo siingii.

Uamuzi wa riba wa Marekani hutangazwa saa nane mchana ya kwao. Ule wa 29 Oktoba 2025 ulinifikia saa tatu usiku. Tarehe 2 Novemba wakarudisha saa zao nyuma, nami nikabadilisha kengele asubuhi ile ile. Wa 10 Desemba ukaja saa nne usiku kamili. Nilikuwa nimeshafunga kila kitu tangu saa tatu na nusu, nimekaa natazama bei ikirukaruka.