Siku moja maishani mwangu: msuli mweupe, msuli mweusi

Saa 1:40 asubuhi. Mimi ni daktari ninayetafuta magonjwa ya misuli kwa altrasaundi. Kabla mgonjwa hajaingia, naweka probu, kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi, kwenye paja langu mwenyewe. Msuli mzima huonekana mweusi, umepitiwa na nyuzi nyembamba nyeupe, na chini kabisa mstari wa mfupa unang'aa. Nahakikisha mipangilio ya mashine ni ile ile ya jana. Ukiongeza mwanga kidogo tu, hata msuli wangu huu utaonekana mgonjwa.

Saa 2:15. Anaingia mama ambaye kwa wiki kadhaa ameshindwa kuinua mikono achane nywele. Akitaka kuinuka kitini, anajisukuma kwa viganja. Juu ya vifundo vya vidole vyake kuna vipele vilivyotuna, na kope zimeingia weusi wa zambarau. Kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo hupita bila kuonekana usipotazama kwa makini, nami naamini wengi wamecheleweshwa kwa sababu hiyo. Damu imeonyesha CK, kimeng'enya kinachovuja msuli ukiumia, iko juu sana.

"Legeza mguu, mama, usinisaidie kuushika."

Probu lazima isimame wima juu ya msuli, isikandamize. Ikilala kidogo tu, weupe unabadilika. Kwenye skrini paja limejaa ukungu mweupe, lakini mfupa chini yake bado unaonekana vizuri na msuli haujakonda. Hapo ndipo moyo wangu huchangamka: msuli uliogeuka mafuta huuficha mfupa, ila uliovimba maji kwa kawaida huuacha uonekane. Huenda tumewahi.

"Umeuona ugonjwa, daktari?"

"Nimeona msuli una shida, mama. Jina la ugonjwa litatokana na haya yote pamoja. Ila nimepata mahali pa kukata kinyama, kipande kidogo cha msuli cha kupimwa maabara."

Nachora alama kwa kalamu ya wino. Uvimbe huu hukaa mabaka mabaka, na anayekata bila kuangalia anaweza kutoka na kipande kizima kabisa, mgonjwa akaambiwa hana kitu.

Saa 4:00. Wagonjwa wawili, picha zote safi. Naandika kwenye ripoti kwamba picha safi haifuti ugonjwa ulioanza juzi.

Saa 5:10. Mzee. Zaidi ya mwaka anameza steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, kwa jina la polimayositisi, ugonjwa wa uvimbe wa misuli mingi, na nguvu zinazidi kupungua. Kikombe kinamponyoka, vifungo vya shati anafungiwa, magoti yanamkatika ghafla akaanguka. Namwomba anikunjie vidole. Ncha hazigusi kiganja.

Sianzi na paja. Naanza na kigasha, upande wa kidole kidogo, ambako misuli miwili inakaa mmoja juu ya mwingine. Wa juu, unaokunja kifundo cha mkono, ni mweusi karibu kama wangu wa asubuhi. Wa chini, unaokunja vidole, ni mweupe pe! Mpaka kati yao umenyooka kama umepigwa rula. Nahamia pajani: mweupe, mfupa haupo. Kwenye ngazi 4 za Heckmatt za kupima weupe wa msuli, zilizochapishwa mwaka 1982, hiyo ni ngazi ya mwisho. Kwenye kigimbi, msuli wa nje ni mweupe, wa ndani yake umesalimika.

Mzee ameinua kichwa anatazama skrini. "Huu mweupe ndio mbovu?"

"Ndio, mzee wangu."

Mpangilio huu unaelekeza kwenye mayositisi ya vijumuisho, ugonjwa mwingine wa uvimbe wa misuli unaokula nguvu polepole, na huo steroidi hazíusaidii. Kinachofaa ni mazoezi, kuzuia kuanguka na kuangalia namna anavyomeza chakula. Imeniuma kuhesabu miezi ya vidonge.

Saa 8:00 mchana. Kikao cha picha. Mwenzangu anataka MRI, picha ya mashine ya sumaku, kwa wote. MRI inaona misuli ya kina na maji kuliko mimi, hilo nakubali. Lakini mtoto mdogo napima akiwa mapajani pa mama yake, bila dawa ya usingizi. Tunabishana pia kuhusu picha moja: mimi nasema ngazi ya 2, yeye ya 3. Macho hutofautiana, ndiyo maana tunasoma wawili.

Saa 10:30. Kinyama cha mama kimetolewa penye alama na kimekwenda maabara.

Saa 11:20 jioni. Ripoti ya mzee imekamilika, lakini sikutaka isubiri mafaili ya kesho. Nimempigia daktari wake nikamsomea mstari kwa mstari, na amekubali kumwita wiki hii.